Ndege Ikitikisika Angani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Msukosuko wa Hewa na Usalama wa Wahudumu

Kila inapotoka habari ya ndege iliyorushwarushwa angani, maswali huwa yaleyale. Mabawa hayakatiki? Rubani hakuona? Mbona wahudumu wamekaa na chakula hakijaletwa? Tumeyakusanya hapa na kuyajibu kwa lugha ya kawaida. Utaona tumezungumzia zaidi upande wa wahudumu wa ndege. Si upendeleo: wao ndio wanaoumia zaidi, na abiria wengi hawalijui hilo.

Msukosuko wa hewa ni nini hasa?

Ndege huelea ndani ya hewa, na hewa haitulii. Kuna mkondo unaopanda, kuna unaoshuka, na kuna unaovuma kwa kasi kuliko mwenzake wa jirani. Ndege ikivuka kutoka mkondo mmoja kuingia mwingine, nguvu inayobeba mabawa hubadilika ghafla. Ninyi mlio ndani mnahisi mmerushwa juu, mmedondoshwa au mmesukumwa ubavuni.

Marubani huupanga msukosuko katika ngazi nne: mwepesi, wa wastani, mkali na wa kupindukia. Ule ambao abiria wengi husimulia nyumbani kwamba "nusura tufe" mara nyingi ni mwepesi au wa wastani. Katika ule mkali ndege inaweza kumtoka rubani mkononi kwa kitambo kidogo, na aliyefunga mkanda huhisi mkanda ukimkata mapajani. Wasafiri walio wengi humaliza maisha yao bila kuupata.

Watu husema ndege "imeingia kwenye shimo". Kuna mashimo angani?

Hakuna. Hewa ipo palepale, ila mkondo wake unashuka. Na mdondoko wenyewe huwa mdogo kuliko tumbo linavyodai. Ndege ya Singapore Airlines, safari SQ321 ya tarehe 21 Mei 2024, ambayo habari zake zilienea dunia nzima, ilishuka futi 178 tu, kama mita 54, katika sekunde 4.6. Kilichowaumiza watu si umbali. Ni ghafla ile. Tutairudia safari hiyo hapa chini kwa sababu ina somo kubwa.

Msukosuko hutokana na nini?

Vyanzo ni vingi, na kila kimoja kina tabia yake.

Sisi wa Afrika Mashariki tunalijua zaidi wingu la radi. Jua likipiga ardhi yenye unyevu, hewa ya moto hupanda na kujenga wingu ambalo katika nchi za tropiki linaweza kupita futi 50,000, yaani juu kuliko ndege za abiria zinavyoruka. Ndani yake hewa inapanda kwa nguvu hapa na kuporomoka pale. Ziwa Victoria lina utaratibu wake. Mchana upepo wa ziwani huvuma kuelekea nchi kavu, na dhoruba hujengeka juu ya nchi kavu inayolizunguka. Usiku upepo hugeuka, ukatoka kila upande wa nchi kavu kwenda kukutana ziwani, na radi zikapiga huko mpaka alfajiri. Wanaoruka mara kwa mara kwenda Entebbe, Mwanza, Bukoba au Kisumu wanazifahamu hizo mbio za kupinda kushoto na kulia kabla ya kutua. Rubani hajapotea; anakwepa mawingu.

Milima nayo ina yake. Upepo mkali ukigonga mlima hupanda, hushuka upande wa pili, kisha huendelea kupanda na kushuka mbali sana na mlima wenyewe, kama maji ya mto yaliyokwisha kupita juu ya jiwe. Mlima uliosimama peke yake kama Kilimanjaro, wenye mita 5,895, unaweza kufanya hivyo siku ya upepo mkali hata kama anga ni jeupe.

Halafu kuna msukosuko wa hewa angavu, ambao ndio wenye hila kuliko yote. Juu kabisa, takriban futi 30,000 hadi 40,000, kuna mito ya upepo inayovuma kwa kasi inayoweza kuzidi kilomita 200 kwa saa. Katikati ya mto huo safari ni tulivu. Taabu iko kingoni, pale hewa ya kasi inapokwaruzana na hewa ya polepole. Hakuna wingu, hakuna mvua, hakuna cha kuonekana. Mito hiyo ina nguvu zaidi mbali na ikweta, ndiyo maana msafiri wa Nairobi au Dar es Salaam anayekwenda Ulaya hukutana nayo zaidi akiwa ameshapita Sahara.

Kwa ndege ndogo za Dar es Salaam na Zanzibar, au zile za watalii wa Serengeti na Maasai Mara, chanzo kikubwa ni joto la mchana tu. Ardhi ikishachemka, hewa ya chini hurukaruka. Ukiweza, panda ya asubuhi.

Mwisho, ndege yenyewe huacha hewa iliyovurugika nyuma yake. Tarehe 7 Januari 2017, juu ya Bahari ya Arabu, ndege ndogo ya kifahari aina ya Challenger 604 iliyotoka Malé kwenda Abu Dhabi ilipita chini ya Airbus A380 iliyokuwa futi 1,000 juu yake. Hewa iliyoachwa na jitu lile iliipindua ndege ndogo, ikabingirika na kuporomoka maelfu ya futi kabla marubani hawajaidhibiti na kuipeleka Muscat. Watu kadhaa walijeruhiwa, na ndege haikuruka tena. Hiyo ndiyo sababu waongozaji wa ndege huacha nafasi ndefu nyuma ya ndege kubwa, hata kama ninyi kwenye foleni ya kuruka mnaona wanawachelewesha.

Je, msukosuko unaweza kuiangusha ndege ya abiria?

Kwa ndege kubwa za leo, hilo ni nadra mno. Mfano unaotajwa zaidi ni wa zamani: tarehe 5 Machi 1966 ndege ya BOAC, shirika la Uingereza la wakati huo, safari 911, ilivunjika karibu na Mlima Fuji, Japani, kwa mawimbi ya upepo wa mlimani, na watu wote 124 wakafa. Tangu hapo utabiri wa hali ya hewa, rada na ujenzi wa ndege vimebadilika sana.

Sheria za utengenezaji zinataka bawa libebe mara moja na nusu ya mzigo mkubwa kabisa unaotarajiwa katika maisha ya ndege, bila kuvunjika. Katika jaribio la mwaka 2010 mabawa ya Boeing 787 yalikunjwa kwenda juu kiasi cha futi 25, zaidi ya mita 7, nayo yakastahimili. Kwa hiyo ukiona bawa linapepea dirishani, acha lipepee. Limetengenezwa hivyo. Bawa gumu lisilopinda ndilo lingetisha.

Swali la mabawa ndilo linaloulizwa kuliko yote, na kwa maoni yetu ndilo lisilofaa kukunyima usingizi. Linalofaa linafuata.

Kama ndege haianguki, hatari iko wapi?

Hatari iko ndani: kwa mtu asiyefunga mkanda, na kwa kitu chochote ambacho hakikufungwa.

Rudi kwenye SQ321. Ilikuwa Boeing 777 kutoka London kwenda Singapore, yenye abiria 211 na wafanyakazi 18, ikipita juu ya kusini mwa Myanmar kwenye futi 37,000. Wachunguzi wa Singapore walisoma vinasa kumbukumbu vya ndege na kuupanga mfuatano wa mambo. Ndege ilianza kutetemeka. Rubani alisikika akitamka kwamba taa ya mkanda imewashwa. Sekunde 8 baadaye, katika muda wa sekunde 0.6 tu, uzito ambao watu walikuwa wakiuhisi uligeuka: kutoka kukandamizwa kitini kidogo zaidi ya kawaida ya ardhini hadi kuvutwa kuelekea darini kwa nguvu ya mara moja na nusu ya uzito wao. Waliokuwa hawakufunga mkanda waliruka. Katika sekunde nne zilizofuata nguvu iligeuka tena, wakatupwa chini. Abiria mmoja, mzee wa miaka 73 kutoka Uingereza, alifariki. Makumi walijeruhiwa, na zaidi ya 20 kati yao waliumia uti wa mgongo. Ndege yenyewe ilitua Bangkok ikiwa nzima.

Sekunde nane. Jaribu kupima ukiwa umekaa hapo: kusikia tangazo, kutafuta ncha mbili za mkanda chini ya blanketi, kufunga. Unaweza ukawahi. Sasa jiweke mahali pa mhudumu aliyesimama katikati ya njia, mkono mmoja kwenye toroli na mwingine umeshika birika, na kiti chake kiko safu 20 nyuma.

Nani huumia zaidi?

Wahudumu, na kwa mbali sana. Kwa hesabu ya mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, FAA, kati ya mwaka 2009 na 2022 watu 163 waliumia vibaya kwa sababu ya msukosuko katika ndege za mashirika ya nchi hiyo. Kati yao 129 walikuwa wafanyakazi wa ndege na 34 walikuwa abiria. Yaani karibu wanne katika kila watano, ingawa ndani ya ndege abiria ni wengi kuliko wahudumu kwa mbali.

Bodi ya uchunguzi wa ajali ya nchi hiyo, NTSB, ilitoa ripoti mwaka 2021 na kuonyesha kwamba zaidi ya theluthi moja ya ajali zote za mashirika ya ndege kati ya 2009 na 2018 zilikuwa za msukosuko. Usishtuke na neno ajali. Katika hesabu hizi, mtu mmoja akivunjika mguu, au akilazwa hospitali zaidi ya saa 48, tukio linaandikwa ajali hata kama ndege haina mkwaruzo. Na mara nyingi mtu huyo mmoja ni mhudumu.

Kwa nini wao?

Kwa sababu ya kazi yenyewe. Wewe umekaa, yeye amesimama. Wewe una mkanda, yeye ana toroli ambalo likijaa linaweza kukaribia kilo 100. Toroli hilo likinyanyuka na kurudi chini, kifundo cha mguu hakina ujanja. Mkononi ana kahawa ya moto. Juu yake kuna kabati la mizigo, na ubavuni kuna jiko la chuma lenye pembe.

Halafu kuna suala la mkia. Ndege huyumba kwa kuzunguka kwenye kitovu chake cha uzito, ambacho kiko karibu na mabawa, kwa hiyo nyuma hutikisika zaidi kuliko katikati. Na jiko kubwa la ndege nyingi liko wapi? Nyuma. Kitetemeko ambacho abiria wa safu ya kumi anakiita kidogo, mhudumu wa jikoni anaweza kuwa amekipata akiwa hana miguu sakafuni.

Ongeza na wakati wa kushuka kwa ajili ya kutua. Ndege inapita kwenye mawingu, na ndani wahudumu wana haraka: kukusanya vikombe, kukagua mikanda, kuinua migongo ya viti, kuamsha waliolala. NTSB imependekeza wahudumu wakae mapema zaidi wakati wa kushuka. Korean Air ilifanya hivyo tangu Julai 2024: huduma ya ndani humalizika dakika 40 kabla ya kutua badala ya 20.

Taa ya mkanda imewaka lakini mhudumu anatembea. Kwa nini mimi nisisimame?

Kwa sababu taa ile ni yako. Katika mashirika mengi wahudumu huketi kwa agizo tofauti la rubani, la kipaza sauti au la simu ya ndani. Msukosuko ukiwa mwepesi wanaweza kuachwa waendelee na kazi kwa tahadhari. Hiyo haimaanishi kwamba ni salama. Maana yake kuna kazi ambayo mtu ameajiriwa kuifanya, naye amefundishwa kushika wapi, kusimama vipi na kukimbilia wapi. Wewe hukufundishwa.

Na kuna jambo jingine linaloudhi kidogo. Abiria akisimama taa ikiwa imewaka, mhudumu hulazimika naye kwenda kumwambia akae. Ukitoka kwenye kiti chako unamtoa na yeye.

Nimenyimwa chai na chakula kwa sababu ya mtikisiko. Ni haki?

Ni haki, na ni dalili kwamba shirika linajali. Baada ya SQ321, mwezi Mei 2024, Singapore Airlines ilibadilisha utaratibu: taa ya mkanda ilipowaka, chakula kilisimamishwa pamoja na vinywaji vya moto. Korean Air iliondoa tambi za papo kwa papo katika daraja la kawaida kwenye safari ndefu kuanzia tarehe 15 Agosti 2024, kwa sababu maji ya moto yalikuwa yakiunguza watu, na katika viti vilivyobanana chombo kimoja kikimwagika kinaunguza watatu.

Umelipa tiketi, ni kweli. Lakini fikiri hivi: kanuni za nchi nyingi zinataka angalau mhudumu mmoja kwa kila viti 50, na idadi hiyo haikupangwa kwa ajili ya chai. Ilipangwa kwa ajili ya moshi, moto na kutoka haraka. Ndege mpya huthibitishwa kwa jaribio la kutoa watu wote nje kwa sekunde 90, nusu ya milango ikiwa haitumiki. Mhudumu aliyevunjika mguu juu ya bahari hawezi kufungua mlango mkitua kwa dharura. Kikombe unachokidai kinaweza kukunyima mtu wa kukutoa.

Wahudumu hufundishwa kufanya nini msukosuko ukianza?

Jambo la kwanza huwashangaza wanaoingia kazini: jilinde wewe kwanza. Mafunzo mengi ya uhudumu yanasisitiza kumtanguliza abiria, lakini hapa mambo yamegeuka.

Kama kuna onyo la mapema, rubani huwaambia muda na ukali unaotarajiwa. Hapo wanafunga toroli mahali pake, wanafunga makabati ya jikoni kwa komeo, wanamwaga au kufunika vinywaji vya moto, wanapita haraka kutazama mikanda, kisha wanakaa kwenye viti vyao vya kukunja vyenye mikanda ya mapajani na mabegani.

Kama agizo ni la kukaa mara moja, hakuna kurudisha toroli jikoni. Breki inakanyagwa, birika linawekwa sakafuni au ndani ya toroli, na mhudumu anakaa kwenye kiti chochote kilicho wazi na kufunga mkanda. Kiti kisipokuwepo, anakaa sakafuni na kujishikiza kwenye nguzo za viti. Hakagui mkanda wa mtu. Anatoa amri kwa sauti akiwa palepale alipo.

Mimi abiria naweza kumsaidiaje?

Mpe nafasi. Akikaa ghafla kiti cha jirani yako bila hodi, usimshangae. Akijibana sakafuni karibu nawe, mshike mkono au bega kwa nguvu; watu wawili wenye mikanda wanaweza kumzuia mtu asiruke. Shika na toroli kama liko ubavuni pako, lakini usifungue mkanda kulifuata.

Usibonyeze kengele kuomba maji. Kengele wakati huo ni ya mtu aliyezimia, aliyeshindwa kupumua au anayetoka damu.

Vitu vizito usiviweke makabatini bila mpangilio: kabati likifunguka, chupa ya manukato iliyonunuliwa uwanjani inamwangukia mtu. Na kompyuta ya mapajani izime na uiweke mfukoni mwa kiti, maana ikiruka haichagui kichwa.

Mkanda nifunge vipi, na lini?

Muda wote ukiwa umekaa, taa iwe imewaka au imezimwa. Ushuke mpaka kwenye nyonga na ukaze. Mkanda uliolegea tumboni hukuacha uruke kwanza ndipo ukukamate vibaya. Mjamzito aupitishe chini ya tumbo. Ukilala, ufunge juu ya blanketi ili mhudumu auone bila kukuamsha.

Na mtoto mchanga niliyempakata?

Hapa tutasema wazi ingawa inagharimu: mtoto aliyepakatwa mikononi hawezi kuzuilika msukosuko mkali ukija, hata mama awe na nguvu gani. Uzito wake hugeuka kwa sehemu ya sekunde. Mashirika mengi huruhusu mtoto wa chini ya miaka miwili akae mapajani, na mengine hutoa mkanda mdogo unaoshikizwa kwenye wako, ukipewa, uutumie. Lililo salama zaidi ni kumnunulia kiti chake na kumfunga kwenye kiti cha watoto kilichoidhinishwa kwa ndege. NTSB imelipendekeza hilo kwa miaka mingi. Usipoweza, basi usimweke kwenye kitanda cha ukutani taa ikiwa imewaka, hata kama ndiyo kwanza amelala.

Nikiwa chooni je?

Kaa, shika mpini uliopo ukutani, subiri. Usikimbilie kiti chako katikati ya mtikisiko.

Rubani hawezi kuuona mbele na kuukwepa?

Mara nyingi anaukwepa na wewe hujui. Rada iliyo puani mwa ndege huona matone ya maji, kwa hiyo wingu la mvua inaliona. Marubani hushauriwa kulizunguka wingu kali la radi kwa angalau maili 20. Lakini hewa angavu haina matone, na rada haina cha kuona. Hapo wanategemea utabiri, na taarifa za redio kutoka kwa ndege iliyotangulia. Tangu 2018 muungano wa mashirika ya ndege duniani, IATA, una mfumo ambao ndege zenyewe hupima mtikisiko na kutuma vipimo moja kwa moja kwa wengine wanaokuja nyuma. Una manufaa pale ambapo ndege ni nyingi na mashirika mengi yamejiunga.

Kuna mawingu yanayochipuka haraka kuliko maamuzi. Tarehe 18 Desemba 2022 ndege ya Hawaiian Airlines kutoka Phoenix kwenda Honolulu ilikutana na wingu lililopanda mbele yake kama moshi, na zaidi ya watu 20 wakajeruhiwa, wakiwemo wahudumu.

Asipoweza kukwepa, rubani hupunguza kasi mpaka ile iliyowekwa kwa ajili ya hewa iliyochafuka, huomba kimo kingine na kuwakalisha wahudumu. Ukisikia injini zinapunguza mvumo katikati ya mtikisiko, ni hilo linalofanyika.

Ni kweli misukosuko inaongezeka kwa sababu ya tabianchi?

Kwa msukosuko wa hewa angavu, ushahidi upo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Reading, Uingereza, walichapisha mwaka 2023 matokeo kwamba juu ya Atlantiki ya Kaskazini, katika sehemu moja ya kawaida ya njia hiyo, saa za msukosuko mkali kwa mwaka zimepanda kutoka 17.7 mwaka 1979 hadi 27.4 mwaka 2020, ongezeko la asilimia 55. Sababu wanayoitaja ni kwamba ongezeko la joto linazidisha tofauti ya kasi ya upepo kati ya tabaka moja la hewa na jingine. Saa 27 ndani ya mwaka mzima bado ni chache kwa abiria wa safari moja. Kwa mhudumu anayeivuka bahari ile wiki baada ya wiki, hesabu ni nyingine.

Kiti gani hutikisika kidogo?

Karibu na mabawa. Ukiogopa, epuka safu za nyuma, na uchague safari ya asubuhi wakati wa masika na vuli.

Ndugu yangu ni mhudumu wa ndege Ghuba. Akiumia kazini analipwaje?

Swali hili linatoka kwa familia nyingi, maana vijana wengi wa Kenya, Uganda na Tanzania wameajiriwa na mashirika ya Dubai, Doha na Abu Dhabi. Mkataba wa Montreal wa 1999, unaosimamia fidia katika safari za kimataifa, ni wa abiria. Mhudumu aliye kazini hahesabiwi abiria, kwa hiyo madai yake hupitia sheria za kazi na bima ya mwajiri. Aliyeajiriwa Tanzania ana Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF. Wa Kenya ana Sheria ya Mafao ya Ajali Kazini ya 2007. Wa Ghuba asome mkataba wake kuona unafuata sheria ya nchi gani, na afanye hivyo kabla ya kuumia. Ripoti ya tukio iandikwe siku ileile, hata kama maumivu ni ya mgongo tu na anaweza kutembea. Mgongo una tabia ya kudai baadaye.

Na mimi abiria nikiumia?

Kenya na Tanzania ni wanachama wa Mkataba wa Montreal. Shirika huwajibika kwa jeraha la mwili lililotokana na ajali ndani ya ndege, na mpaka kiwango fulani huna haja ya kuthibitisha kwamba lilikosea. Kiwango hicho kilipandishwa mwishoni mwa Desemba 2024. Lakini mkataba huohuo unaruhusu fidia kupunguzwa kama abiria alichangia kuumia kwake, na taa ya mkanda iliyokuwa imewaka ni ushahidi ambao wakili wa shirika hatausahau.

Mwambie mhudumu kabla hujashuka, ili jeraha liingie kwenye ripoti ya safari. Nenda hospitali siku hiyohiyo, tunza kipande cha tiketi na karatasi za daktari. Muda wa kufungua kesi ni miaka miwili tangu ndege ilipofika au ilipopaswa kufika.